Ghuba Niliyoliongezea Ziwa Rukwa

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi wa mihuri, nyuma ya stendi, kuchongesha muhuri wa kikundi chetu cha akina mama. Yule kijana akafungua kichupa cha wino mweusi chini ya pua yangu, na mimi, mtu mzima mwenye mjukuu, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Akaniuliza, "Vipi mama, presha?" Nikamwambia ni jua tu. Sumbawanga, mwezi wa saba, upepo unakata masikio, jua gani hilo? Hakuuliza tena, na mimi sikumweleza. Ningemwelezaje kwamba harufu ile kali ya wino ilinirudisha kwenye meza ya baba yangu, nikiwa na miaka kumi na moja, kalamu mkononi na kosa mbele yangu? Ninyi nitawaeleza, maana mmekaa na mna muda.

Baba alikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji. Kuna walimu wanaofundisha somo kwa sababu walipangiwa. Baba alilifundisha kama mtu anayegawa urithi. Kitabu alichokiheshimu, ukiacha Biblia, kilikuwa kimoja kikubwa cha jiografia ya Afrika, cha Kiingereza, jalada la kijani lililoshonwa upya kwa uzi wa viatu. Nyumbani tulikiita Kitabu, basi, na kila mtu alijua ni kipi. Baba alikisoma alipokuwa seminari kwa mapadre, Kaengesa, waliomfundisha walikisoma kabla yake, na mitihani karibu yote ilitoka humo. Kilichokuwemo ndani ya Kitabu kilikuwepo duniani. Kisichokuwemo kilikuwa maneno ya nyumbani kwenu.

Sasa sisi Wafipa tulikuwemo kwa mistari miwili. Nyanda za juu, baridi, nyasi, watu wachache, mwisho. Matuta yetu ya mviringo tunayofukia nyasi ili zioze ziwe mbolea, ambayo mgeni yeyote akipita msimu wa kulima anasimama kuyatazama, hayakuwemo. Wala mteremko mkubwa unaoshuka Rukwa haukuwa na jina. Baba alinisomea mistari ile akanitafsiria, kisha akafunga Kitabu taratibu. "Hawa walipita kwetu usiku," alisema. Lakini hakukidharau hata siku moja, na mtu akiweka kikombe cha chai juu yake alikuwa anatafuta ugomvi.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, sabuni ikarudi madukani, wafanyabiashara kutoka Mbeya wakafungua vibanda kila kona, na ikasemwa kwamba hata vitabu vya shule sasa watu binafsi wanaweza kuchapa. Baba alipolisikia hilo hakulala vizuri kwa wiki nzima. Akanunua madaftari makubwa manne na kuanza kuandika jiografia ya kwetu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa shule: mawe, udongo, mvua, matuta, Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, wavuvi wa Kabwe kwenye Ziwa Tanganyika, kila kitu. Aliandika kila jioni, na mama akawa anatuhamishia chakula mkekani kwa kuwa meza haikuwa yetu tena.

Ila baba alikuwa na siri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzoni kidole, halafu kiganja, halafu mkono mzima. Kuandika aliweza, kwa kuukandamiza kwa mkono wa kushoto, herufi zikawa kubwa na zilizolala. Kuchora mstari hakuweza kabisa. Darasani alijikinga kwa baridi. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba kila mtu anatetemeka, kwa hiyo alivaa koti zito na kujisugua mikono, na wanafunzi walimwonea huruma ya baridi. Lakini redio ilikuwa inatangaza habari za kupunguza wafanyakazi wa serikali, majina yalikuwa yanaandikwa, na mwalimu wa Jiografia asiyeweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni, unafikiri jina lake litakaa wapi? Kwa hiyo tulijua watu watatu tu: yeye, mama, na mimi.

Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa mkono wake. Baba aliitengeneza kila ramani kwa penseli, mistari imekatika na kurukaruka, halafu mimi naiweka karatasi ya kunakilia juu yake na kuipitisha kwa kalamu ya nibu na wino mweusi. Nilifanya mazoezi mwezi mzima kwenye karatasi za daftari tulizozipaka mafuta ya kula mpaka zikaonyesha upande wa pili. Nikawa hodari, sijisifu bure. Mto ulitoka mwembamba kwenye chanzo na kunenepa unakoishia, kama inavyotakiwa. Baba alikuwa na agizo moja tu, na alilirudia kila nilipokaa: "Anastazia, kunakili si kutunga. Kalamu iende palipo na penseli." Naitikia, ndiyo baba.

Karatasi halisi za kunakilia zilikuwa sita. Konda wa basi alituletea kutoka Mbeya, zimekunjwa ndani ya bomba la plastiki, na baba alizihesabu mara mbili. Ramani zilikuwa sita. Hakukuwa na ya kuharibu.

Ya sita ilikuwa ramani ya mkoa wetu mzima, ile iliyokuwa ikae mwanzoni mwa kitabu. Ilinichukua jioni tano. Nilimaliza Ziwa Tanganyika, nikamaliza milima ya Mbizi kwa vistari vyake vyote, nikawa niko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Rukwa, baba yuko shuleni kwenye kikao, mama shambani. Nikachovya nibu. Sijui niliichovya sana au nilikuwa nimechoka. Nilipoinyanyua tone likaanguka. Halikuanguka ziwani, ambako ningelifanya kisiwa. Lilianguka nchi kavu, kati ya ziwa na mlima, likatulia pale, nene, linang'aa, kubwa kama haragwe.

Nililitazama mpaka macho yakauma. Kisha nikachukua wembe, maana baba alinifundisha kukwangua makosa madogo, nikakwangua kidogo kidogo. Wino ukafifia ukawa kivuli, lakini karatasi nayo ikaanza kuwa nyembamba, nikaona mwanga wa dirisha umepenya. Nikaacha. Na hapo ndipo, jamani, akili ya mtoto ilipofanya kazi ambayo hadi leo inanishangaza. Niliuvuta mstari wa ufuko kutoka ziwani, nikauzungusha nje ya doa, nikaurudisha. Nikajaza vistari vya maji ndani yake. Likawa ghuba. Ghuba nzuri, imetulia, ungedhani imekuwepo tangu Mungu aumbe dunia.

Baba aliporudi aliishika ramani, akaenda nayo dirishani, akaitazama muda. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu. Akasema, "Vistari vya milima umevipata." Akaiingiza kwenye bahasha pamoja na zile nyingine tano. Nilipumua, na kuanzia siku hiyo sikulala salama.

Wiki tatu baadaye alikuja mhariri ambaye baba alikuwa amemwandikia barua. Alitoka kwenye mojawapo ya kampuni mpya za vitabu, mtu wa Mbeya, mpole, suti ya mitumba iliyomkaa vizuri, na baridi yetu ilimfanya apige chafya kila baada ya maneno kumi. Alimwita baba Mwalimu, akala ugali wa ulezi bila kulalamika, akasoma madaftari yale siku mbili mfululizo kwenye meza yetu. Aliyasifu. Alisema hajaona mtu aliyeeleza matuta ya Kifipa hivyo. Mama alikuwa jikoni anasikiliza, na nikamwona anafuta macho akisingizia moshi. Kisha mhariri akafungua bahasha ya ramani, na nikamwona anamwomba baba Kitabu.

Akakilaza Kitabu upande wa kushoto, ramani yangu upande wa kulia. Kidole chake kilitembea kwenye Tanganyika, kikapita, kikapanda mlima, kikashuka, kikafika Rukwa. Kikasimama. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "hapa ziwa lako limekula nchi kavu."

Baba aliinama. Akatazama Kitabu, akatazama ramani, na mkono wake wa kulia akauingiza ndani ya mfuko wa koti. Kisha akasema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba Ziwa Rukwa halitulii, kuna miaka linakuja na miaka linarudi, na walioandika Kitabu waliliona mwaka wao.

"Wewe umelipima?"

"Nitashuka nikalipime."

Mhariri akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalituingia. Alisema yeye anaendelea Mpanda, atarudi Jumamosi. Akikuta vipimo, anaondoka na kitabu. Kama ramani ni ya kubuni, basi Mwalimu amsamehe, hawezi kukipeleka kwa wakubwa zake kitabu cha jiografia chenye ziwa la kubuni, na kuna mwalimu mwingine huko kwao anayengoja nafasi hiyo hiyo. Halafu akauliza, karibu kama mzaha, "Na mchoraji ni nani? Mkono safi sana huu."

"Zimechorwa hapa hapa nyumbani," baba alisema.

Alfajiri ya Jumatano tulipanda lori linalokwenda kuchukua mpunga bondeni, baba na mimi. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alimuuliza kwa Kifipa, mtoto wa nini safari hii, na baba akajibu kwamba anahitaji mtu wa kuandika. Mama alinifunga kanga mbili kifuani akanitazama usoni muda mrefu kidogo. Nilitazama viatu vyangu.

Kama hujawahi kushuka kutoka Ufipa kwenda Rukwa, sijui nikwambieje. Uko juu kwenye nyasi na ukungu, meno yanagongana, halafu nchi inakatika. Chini yako ni bonde, jeupe kwa joto, na mbali kabisa kitu kinachong'aa ambacho huwezi kusema ni maji au ni anga. Lori lilituacha ukingoni kwa sababu breki zake dereva mwenyewe hakuziamini akiwa na abiria, tukashuka kwa miguu. Baba alifundisha njia nzima. Jiwe hili, mti ule, huu ndio ukuta wa Bonde la Ufa, Anastazia, umesimama juu ya mstari ambao kwenye Kitabu una urefu wa kidole tu. Nilisema ndiyo baba, ndiyo baba. Kila pindi la njia nilijiambia, tukifika kwenye mti ule nitasema. Tunaufikia, tunaupita. Mara moja alisimama, akageuka, akaniuliza, "Una neno?" Nikasema nina kiu. Akanipa chupa.

Tulilala kwa katekista mmoja pale Muze, kijiji kilicho chini ya mlima, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa baba. Jioni, baba akafungua ramani yangu mezani, akaomba rula, akanitaka nishike rula mimi yeye asome. Akapima kutoka chini ya mlima hadi ufukoni, kwa kufuata njia ya mikokoteni. Kwa ramani ile, maji yalikuwa mwendo wa hatua zake elfu nane. Kwa Kitabu, zaidi ya mara mbili ya hapo. Kisha akamwomba mke wa katekista maharage. Akanihesabia maharage themanini, moja moja, kwenye mfuko wa kulia wa gauni langu.

"Kila hatua mia, hamisha moja liende kushoto," alisema. "Mfuko huu ukiisha, tutakuwa tumefika ziwani."

Nilikuwa najua kilichokuwa pale. Au niseme, nilijua kisichokuwepo. Usiku nililala na mkono juu ya mfuko, nikaomba rozari nzima. Sikuomba msamaha, kusema kweli. Niliomba maji.

Tulianza mapema, lakini bondeni hakuna mapema, jua linatoka limeshakasirika. Baba alitembea mbele akihesabu kwa sauti ndogo. Tisini na tisa, mia, na mimi nahamisha. Tulipita mashamba ya mpunga yaliyovunwa, tukapita kundi la ng'ombe na kijana wa Kisukuma aliyetusalimu na kutuuliza kama tumepoteza kitu, kwa jinsi tulivyotazama chini. Haragwe la thelathini, ardhi imepasuka kwa ukavu. La hamsini, vumbi. Nilianza kumchukia baba kwa hatua zake zilizolingana. Nilitamani akosee hesabu, nilitamani ajikwae, nilitamani hata mvua ya mwezi wa saba, ambayo haijawahi kunyesha.

Yalipobaki kumi, mambo yakabadilika. Nyasi zikawa za kijani kidogo, udongo ukawa mweusi. Yalipobaki saba nikasikia harufu ya samaki. Sikudanganyi, niliinua kichwa. Nilimwona baba naye ameinua kichwa, na hatua zake, ambazo zilikuwa hazijabadilika tangu alfajiri, zikarefuka. Samaki wanakaa wapi kama si majini? Yakabaki matano. Matatu. Nilikuwa nasema moyoni, Bikira Maria, ghuba ndogo tu, hata dimbwi.

Haragwe la mwisho lilitufikisha kwenye ua wa mtu.

Nyumba mbili za nyasi, kinu, kuku, na mama mmoja wa makamo anageuza perege waliokaushwa juu ya kichanja. Baba alisimama. Aliangalia kulia na kushoto, akaitoa ramani, akaikunjua. Kwa ramani yangu sisi wote, yule mama, kinu chake, kuku wake, tulikuwa ndani ya maji.

"Karibuni," yule mama alisema. "Mnatafuta nini?"

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Baba akasema tunatafuta ziwa. Yule mama akacheka, si kwa ubaya, akanyoosha mkono kuelekea tulikokuwa tunakwenda. "Mbona bado, mwalimu. Hilo mtatembea hadi jua likae utosini." Alijuaje ni mwalimu? Kwa ramani, nadhani, na kwa koti zito lililokuwa begani kwenye joto lile. Kisha akatazama nyuso zetu, nafikiri alituonea huruma, akaongeza: "Lakini liliwahi kuja hapa. Mwaka nilipomzaa kifungua mimba wangu maji yalilala mlangoni. Tulihama na vyungu kichwani."

"Hapa hapa?" baba aliuliza.

"Hapa hapa." Akatuonyesha nguzo ya ghala la zamani, alama nyeusi imeuzunguka mti wake, kimo cha magoti yangu.

Baba akachuchumaa mbele ya nguzo ile. Akaipitishia vidole alama yote. Alipoinuka na kunigeukia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari njema na anaogopa kuziamini. Alisema polepole, "Basi ramani haikudanganya. Ni ya mwaka ule." Akachomoa daftari, akanipa mimi, akanipa na kalamu. "Andika, Anastazia. Ufuko wa magharibi umewahi kufika hapa, kwa ushahidi wa mwenyeji."

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Ziwa lenyewe limejitokeza kunitetea, na shahidi yupo na samaki wake. Ningeandika sentensi moja na kurudi nyumbani binti wa mwandishi wa vitabu. Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Nikaandika "Ufuko". Halafu mkono wangu, ule mkono ulioazimwa kwa ajili ya kutotetemeka, ukakataa. Nilijua nikimaliza sentensi ile nitakuwa nimechora lile doa mara ya pili, na safari hii bila tone.

"Baba," nikasema, "si ziwa. Ni wino."

Akalitazama neno lile moja kwenye daftari.

"Niliangusha wino. Nikakwangua, karatasi ikawa inatoboka. Ndiyo nikaifanya ghuba." Na nikaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha mtoto kisicho na aibu, katikati ya ua wa watu.

Yule mama akageukia perege wake ghafla, kana kwamba wamemwita. Baba akaketi juu ya kinu. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya paja, hakuuficha. Nilingoja anigombeze. Nilingoja hata kofi, ingawa hakuwa mtu wa makofi. Alikunja ramani mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Rudisha maharage mfuko wa kulia. Bado tuna safari." Yule mama alinipa maji ya kunawa uso, na perege wawili wamefungwa kwa jani, ambao niliwabeba njia nzima.

Tulilifikia ziwa mchana. Lilikuwa mbali na ghuba yangu, lakini lilikuwa limekuja sana mbele ya ufuko wa Kitabu. Vishina vya miti vilisimama ndani ya maji kuonyesha nchi iliyozama. Baba akavua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akaniambia niandike hesabu. Niliandika. Njia ya kurudi hakunisemesha zaidi ya tahadhari za mawe, na kuupanda mlima ule tukiwa kimya ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupata.

Jumamosi mhariri alirudi. Baba alimpa vipimo kwanza. Kisha akatoa ramani iliyokunjwa, akaweka kidole kwenye ghuba. "Hii haipo," alisema. "Ni doa." Na kabla yule bwana hajafungua mdomo, baba akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, kiganja chini, akauacha utetemeke. Kikombe cha chai kilikuwa jirani, kikaanza kulia kwenye kisahani. Mama aliganda mlangoni. Baba akasema, "Mimi sichori. Anachora huyu."

Mhariri alinitazama, akamtazama baba, akapiga chafya. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi moja ya kunakilia, mpya, akailaza juu ya meza. "Achore hapa," alisema. "Mimi naangalia."

Sijawahi kuogopa vile, hata leba. Nilikaa pale kwa muda wa saa nne. Niliacha kwanza milima, niliacha Tanganyika, nikaanza na ufuko wa Rukwa, kwa vipimo vya miguu ya baba, kwa sababu nilijua nikikosea nikosee mapema. Wino haukudondoka. Nilipomaliza, mhariri aliinyanyua ramani akaipuliza, akaiweka kwenye bahasha, na suala la mkono wa baba hakulitaja kwetu wala, kwa kadiri ninavyojua, kwa mtu mwingine yeyote.

Kitabu cha baba kilitoka baada ya muda mrefu, chembamba, karatasi duni, ziwa limetoka la kijivu. Kilisomwa katika shule zetu miaka kadhaa, kisha vikaja vingine vya rangi na kikasahaulika. Baba hakupunguzwa kazini mpaka alipostaafu. Na mimi nilikua na hasira yangu. Ndiyo, hasira. Nilipofikisha umri wa kuunganisha mambo nilikumbuka alivyokwenda na ramani dirishani, alivyoniuliza kama nina neno, alivyonihesabia maharage moja moja, nikasema mtu huyu alijua. Alijua, akamburuza mtoto mlima mzima ili amfundishe ukweli. Walimu bwana. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kisa hiki kama mfano wa ukali wa baba, na wao wakanijibu kwamba ndivyo watoto walivyolelewa zamani.

Siku moja, mwaka wake wa mwisho, nilikuwa namlisha uji kwa kuwa kijiko kilikuwa kimeshamshinda. Nikamuuliza. Baba, lile doa uliliona lini?

"Siku ile ile," alisema. "Kwenye mwanga wa dirisha pale ulipokwangua palionekana."

"Na ukakaa kimya wiki tatu. Ukanishusha mpaka Rukwa."

Alimeza uji, akajifuta kidevu kwa mgongo wa mkono. "Nilishuka kutafuta maji," alisema. "Nilisema labda ziwa limefika. Ningekugombeza ungeweka kalamu chini, mama. Mimi ningechora na nini?"

Nilibaki na kijiko hewani. Kumbe siku ile, kwa yale maharage yote, alikuwa anaomba kile kile nilichokuwa naomba. Hakukuwa na mtihani, wala somo. Alikuwa mtu mzima anayemwogopa mtoto wa miaka kumi na moja, na hakuwa na mtu wa kumwambia.